Kitambaa ni ghali, lakini kinapatikana: hesabu za fundi wa Rusinga

Kila nikirudi nyumbani Mombasa, jamaa huniuliza swali lile lile: huko kisiwani kitambaa wakipata wapi, na kwa pesa gani? Swali lina haki yake. Fundi wa Mji wa Kale akiishiwa na bitana hushuka Biashara Street kwa miguu na kurudi kabla pasi haijapoa. Mimi nashona Rusinga, kisiwa cha Ziwa Viktoria katika kaunti ya Homa Bay, kule alikozikwa Tom Mboya. Siku hizi daraja latuunga na mji wa Mbita, lakini daraja halileti maduka. Mbita nitapata leso, nitapata kitenge, nitapata kitambaa cha sare za shule. Nikitaka kuchagua hasa, safari ni ya Kisumu, ama kwa feri kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno kisha matatu, ama kwa barabara ya kuzungukia Homa Bay na Kendu Bay. Nauli ya kwenda na kurudi peke yake ni kitambaa kilichokwisha kuliwa kabla hakijanunuliwa.

Isitoshe, pesa za hapa hufuata mwezi, na simaanishi mwisho wa mwezi wa mshahara. Omena, hao mnaowaita dagaa, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu ya kuwaita samaki, mashua nyingi hulala ufuoni, na akina mama wanaoanika omena Litare na Kolunga hawana cha kuanika. Halafu kuna kipindi cha kufungwa uvuvi wa omena, ambacho kwa kanuni ni Aprili hadi Julai. Mteja wangu basi si maskini kila siku; ana pesa wiki hii, wiki ijayo hana. Kwa hiyo hupokea malipo ya awali wiki za giza, nikanunua kitambaa papo hapo kabla pesa hiyo haijageuka unga, kisha nikashona wiki za mbalamwezi.

Haya nitakayoyaeleza nayafanya huku, lakini yanafaa Likoni, Mtwapa au Lamu vile vile.

Kwanza, acheni kununua mita. Nunueni eneo. Muuzaji hutaja bei ya mita moja, na mnunuzi mwenye haraka hulinganisha bei mbili bila kuuliza upana. Tuchukue mfano wa bei za kubuni: kitambaa cha upana wa inchi 45 kinauzwa shilingi 250 kwa mita, na cha inchi 60 kinauzwa shilingi 300. Wengi watashika kile cha 250. Sasa pigeni hesabu. Inchi 45 ni mita 1.14, kwa hiyo kila mita ya mraba imekugharimu kama shilingi 219. Inchi 60 ni mita 1.52, na mita ya mraba imekuja kama shilingi 197. Kile kilichoonekana ghali ndicho rahisi. Tena upana mkubwa hukupa nafasi ya kupanga mikono na kola kando ya kiwiliwili badala ya chini yake, na hapo ndipo nusu mita huokoka bila mtu kujua.

Muulize pia kama anauza kwa mita au kwa yadi. Yadi ni sentimita 91 na nusu hivi. Ukinunua sita ukidhani ni mita nazo ni yadi, umepungukiwa na zaidi ya nusu mita, na rinda la mteja halitafika magotini.

Chukueni hesabu hiyo ya eneo muende nayo sokoni kwa mitumba, mtaona mambo. Shuka la mtumba la kitanda kikubwa, tuseme sentimita 230 kwa 250, lina mita za mraba 5.75. Hiyo ni sawa na mita 5 za kitambaa cha inchi 45 cha dukani. Shuka hilo mara nyingi ni pamba, limeshafuliwa mara nyingi hata halirudi tena, na huuzwa kwa bei ya kipande kimoja, si ya mita 5. Mapazia nayo ni mazuri, ila yana maradhi yao ambayo nitayataja. Shati la mwanamume mnene lina mgongo mpana usio na mshono hata mmoja; likatwe vizuri na linatoa gauni la mtoto mchanga au mito miwili midogo. Sketi ya solo ukiifumua ni kitambaa kitupu.

Soko la namna hiyo kwetu ni Kibuye, Kisumu, na siku yake kubwa ni Jumapili. Nyinyi mna Kongowea. Beli likifunguliwa, wachuuzi wa nguo hugombania zile za daraja la kwanza, ambazo Kenya nzima huitwa kamera. Mwisho wa siku hubaki zile ziitwazo fagia: zilizochanika, zenye doa la chai, zisizo na vifungo. Mchuuzi anataka kuondoka nazo zimepungua. Fundi wa viraka anazitaka fagia hasa, maana doa analikata akalitupa, na kilichobaki ni kitambaa kile kile cha kamera. Wakati mwingine nanunua koti bovu kwa sababu ya zipu na vishikizo vyake tu.

Nasikia hoja kwamba mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu. Kuna ukweli ndani yake, wala si ukweli mzima. Kisumu palikuwa na kiwanda cha nguo cha KICOMI kilichokuja kufa miaka ya 1990, wakati biashara ilipofunguliwa, lakini mashine chakavu, madeni na wakulima wa pamba wasiolipwa vilikuwa na sehemu yao. Rivatex ya Eldoret ilianguka vile vile, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na ikazinduliwa upya mwaka 2019. Naitakia heri. Lakini fundi wa kisiwani hawezi kungoja. Mwaka 2020 tuliona ilivyo: serikali ilizuia mitumba kuingia nchini mwezi wa Machi kwa hofu ya korona, na zuio halikuondolewa hadi Agosti. Tangu hapo siweki matumaini yangu yote kwenye beli. Nina sanduku la akiba, na sanduku hilo halishuki chini ya nusu.

Njia ya pili ni ya zamani, na maneno yake yamo katika Kiswahili chetu. Babu zetu walipima nguo kwa mkono, yaani dhiraa, kutoka kisugudi hadi ncha ya kidole. Mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti, na nguo nzima iliyokunjwa kama ilivyotoka kiwandani ni jora. Merikani iliyokuja kwa jahazi kutoka Salem, Massachusetts, katika karne ya 19 iliingia bandarini kwa majora, na mwenye kununua jora zima hakulipa bei ya mwenye kukatiwa shuka. Mambo hayajabadilika. Muuzaji wa Kisumu ana bei ya mita na ana bei ya jora, na tofauti yake si ndogo. Sisi mafundi wanne wa Mbita na Rusinga hununua jora moja la kitambaa cha sare kabla ya shule kufunguliwa Januari. Anasafiri mmoja, nauli tunachanga, na tukirudi tunagawana kwa kupima mbele ya macho ya wote. Sheria yetu ni moja: hakuna kuchukua mgao kwa mkopo. Nimeona chama cha mafundi kikivunjika kwa mita tatu za kitambaa cha buluu.

Nije kwenye mfarishi. Vijana huenda wasilijue neno; ni lile tandiko la kujifunika au kulalia lililoshonwa kwa tabaka, mara nyingi kwa viraka. Upepo wa ziwani alfajiri ni baridi kuliko mtu wa Pwani anavyodhani, na blanketi jipya ni ghali, kwa hiyo mifarishi ndiyo inayotoka sana mikononi mwangu.

Msione viraka ni aibu. Leso yenyewe, fahari ya mwanamke wa Pwani, inasimuliwa kwamba ilianza kama kazi ya viraka. Wanawake wa karne ya 19 walinunua leso za mkononi, zile alizozileta Mreno na jina lake lenço, zikiwa bado ni nguo ndefu isiyokatwa. Wakazikata tatu tatu, wakaunga safu mbili ubavu kwa ubavu, na leso sita zikawa vazi moja. Baadaye wafanyabiashara wakachapa nguo nzima bila mshono. Na ng'ambo ya bahari, Masidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, hushona mfarishi wao waitao kawandi kwa sari na nguo kuukuu. Huanza ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, na kwenye pembe nne huweka vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua. Wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, walishona yao kwa suruali za shamba zilizochakaa ili watoto wasife baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston kisha la Whitney, New York. Hakuna aliyekwenda dukani kununua kitambaa kipya ili akikatekate, jambo ambalo nasikia wenye pesa hulifanya siku hizi kwa starehe.

Sasa hesabu ambayo fundi mwenye mfuko mwembamba lazima aijue: viraka vidogo hula kitambaa. Tuseme mfarishi ni wa inchi 60 kwa 72, na kila mshono unahitaji nusu inchi kila upande. Ukitumia viraka vya inchi 6, unahitaji viraka 120, na kila kimoja ukikate inchi 7 kwa 7. Jumla ni inchi za mraba 5,880. Ukitumia viraka vya inchi 12, unahitaji 30 tu, vya kukatwa inchi 13 kwa 13, na jumla ni 5,070. Tofauti ni 810, na hiyo ni nusu yadi kamili ya kitambaa cha inchi 45 iliyofichwa ndani ya mishono isiyoonekana. Mishono yenyewe hupungua kutoka inchi 1,308 hadi 588, chini ya nusu, na uzi nao hivyo hivyo. Kwa hiyo mimi hukata kikubwa kadiri nguo inavyoruhusu. Vidogo naviweka mahali pa kuonekana tu, katikati au kwenye pembe, na vilivyo vidogo mno huwa ujazo wa mito.

Tabaka la kati huwa ni blanketi lililochakaa, au sweta za mitumba zilizofumuliwa mishono na kuungwa ukingo kwa ukingo bila kupandana, zisije zikafanya vinundu. Nyumbani tungetumia sufi, lakini sufi huhama ndani ya mfarishi usipoishona karibu karibu, na ikifuliwa hujikusanya pembeni. Mgongo wa mfarishi ni leso kuukuu. Leso moja ni kama sentimita 150 kwa 110, na jozi ina mita za mraba 3.3 za pamba laini. Leso ina maisha mengi: huanza ikiwa vazi la harusini, ikawa ya jikoni, ikawa mbeleko, ikawa nguo ya kumpokelea mtoto, na ikiwa imekonda hata jua lapenya, bado ni mgongo wa mfarishi. Huomba nipewe hizo badala ya sehemu ya malipo. Jina la leso sikati. Naliacha katikati, ingawa kuna majina mengine ya mafumbo ambayo mtu hapendi kulala juu yake akiwa na mkwewe nyumba moja.

Tabaka tatu zikishatandazwa, piga bandi kwa mkono, mishono mirefu kutoka katikati kwenda nje, ndipo upeleke chini ya cherehani. Anayeruka bandi hupata mfarishi uliojikunja mgongoni, na atafumua.

Kabla ya hayo yote, kitambaa cha bure au cha bei ya chini kipimwe, maana wazee walisema rahisi yavunja upishi. Shika pazia kwa mikono miwili, ulivute kwa mtande, kisha kwa mshindio. Likilia kama karatasi, jua la dirishani limeshalila. Lirudishe hata kama ni la shilingi kumi. Chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu. Zote zina kazi, ila zisichanganywe ovyo, kwa sababu pasi ya kuinyoosha pamba itaikunja poliesta. Pamba mpya ya dukani iloweke usiku mzima na uianike kabla ya kuikata, la sivyo itarudi baada ya kushonwa. Kitenge chenye rangi kali kifue peke yake, tena kwa maji ya chumvi, uone kama kinachuja. Na jinzi isiungwe na kitambaa chepesi. Jinzi itashinda, na chepesi kitachanika kando ya mshono.

Sare za shule ndizo zinazonikosesha usingizi, kwa kuwa mfarishi unaweza kungoja, lakini mwalimu wa zamu langoni hangoji. Januari moja alinijia bibi mmoja anayelea wajukuu. Huku bibi huitwa dani.

“Nyar Mombasa,” akaniambia, yaani binti wa Mombasa, “wajukuu ni watatu, na pesa ni za sare moja.”

“Dani, niletee za mwaka jana zote,” nikamjibu. “Hata zilizochanika. Usitupe hata mkanda.”

Gauni la yule mkubwa lilikuwa limepauka nje, lakini ndani rangi ilikuwa nzima. Nililifumua lote, nikageuza kitambaa ndani nje, nikalipunguza, likawa la wa pili. La wa pili likashuka kwa mdogo. Mashati yalikuwa yamekatika kola tu, pale shingo inaposugua. Kola ina pande mbili. Unaifumua pale ilipoungwa shingoni, unaigeuza upande mzima ukaja juu, unairudisha. Kazi ya robo saa, na shati linaishi mwaka mwingine. Kitambaa kipya kikanunuliwa kwa ajili ya mkubwa peke yake, na katika gauni lake niliacha pindo la inchi nne, si moja. Pindo hilo ni akiba: kila mwaka huteremshwa inchi moja au mbili kadiri mtoto anavyorefuka. Alama ya pindo la zamani huonekana, hilo sikatai. Ukiipitishia utepe mwembamba wa rangi ya kola, watu hudhani ndiyo mtindo wa shule.

Kwa kazi ya namna hiyo nalipisha ufundi, na naomba mafundi wenzangu wafanye vivyo hivyo. Kufumua na kugeuza huchukua muda mrefu kuliko kukata kipya, na mteja akishaona hakununua kitambaa hudhani hakuna anachodaiwa. Mimi humwambia bei kabla sijashika mkasi, nikamwonyesha pia ingekuwa kiasi gani kwa kitambaa kipya. Dani alilipa nusu siku ile, na nusu nyingine akailipa kwa omena waliokauka vizuri, debe la kutosha mwezi.

Kitu kimoja sikibanii shilingi, nacho ni uzi. Uzi wa bei ya chini una vinundu, hukatika kila inchi chache, huchafua bobini, na mshono wake huachia kitambaa kingali kizima. Cherehani hutumia karibu mara tatu ya urefu wa mshono kwa uzi wa juu na wa chini pamoja, kwa hiyo ule mfarishi wa viraka 30 wenye inchi 588 za mishono utakula kama mita 45 kwa kuunga uso tu, kabla hujashikanisha tabaka wala kukunga ukingo. Rola kubwa la mafundi ni nafuu kuliko vidonge vingi vidogo. Nunueni rangi tatu: nyeupe, nyeusi na kijivu. Kijivu huzama katika karibu kila rangi nyingine, hata katika leso nyekundu.